Neno Dogo Ukutani

Droo yangu ya kushoto ina vitabu viwili:
Biblia yenye plasta ya hospitali mgongoni,
na Msahafu ndani ya kitambaa cha kijani
ambao siushiki kabla sijanawa.
Kati yake kuna kadi ya manila
ya wale wasemao kweli bila kugusa kitu.

Mimi ni karani wa mahakama, Mbale,
mwaka wa kumi na tisa sasa.
Natafsiri Lugisu, Luganda, Kiteso cha kuombea maji,
na Kiswahili nilichorithi kwa baba, askari jela wa Maluku,
aliyekitumia kuhesabu wafungwa
na kutubembeleza.

Siku ile aliitwa Zipora Nambozo,
Muyudaya wa kilima cha Nabugoye.
Kosa: kuuza ndizi Jumapili
kinyume cha sheria ndogo ya baraza,
iliyopitishwa baada ya sala, kabla ya chai.
Faini elfu arobaini.
Ndizi, ambazo ndizo ushahidi,
ziliivia kituoni, zikaliwa.

"Utaapa kwa kipi?" nikamuuliza.
Akaichungulia droo.
"Hicho cha plasta, nusu yake ni yetu. Ile ya mbele."
Nikamfungulia Kutoka, akaweka kiganja,
na Mathayo mpaka Ufunuo
nikazishika mimi, zisimguse.

"Mimi hupumzika Jumamosi," alisema.
"Mungu alinihesabia siku moja.
Baraza limeniongezea ya pili.
Wanangu hawana siku ya pili ya kutokula."

Diwani Wepukhulu akasimama bila kuitwa:
"Nchi hii ni ya Mungu! Someni hapo ukutani!"
Tukainua macho sote, hata polisi wa mlangoni.
Korongo, swala, ngao, ngoma,
na chini yake utepe:
*Kwa Mungu na nchi yangu.*

Hakimu Apolot hakugeuka.
Alifungua Katiba, ibara ya saba,
akaisoma kama mtu ahesabuye chenji:
Uganda haitakuwa na dini ya taifa.
Basi. Inaisha kabla hujavuta pumzi.

Nikabaki na ule utepe.
Nimeutazama miaka yote hii, sijawahi kuliona *na*.
Kineno cha herufi mbili, kimebanwa katikati
kama mtoto kati ya wazazi wasiosemeshana.
Kinaunganisha, ndiyo,
lakini kitu kimoja hakihitaji *na*.

Babu yangu alijua kusoma, kuandika, kupima mipaka.
Ila alibatizwa Nyondo,
na uchifu wa muluka, mwaka ule,
ulikuwa wa waliobatizwa Nabumali.
Mwenzake akapewa kofia, yeye akarudi kwenye kahawa.
Baba akajifunza. Akahamia kanisa lenye ajira.
Ndiyo maana mimi ni Mwanglikana:
kwa maombi,
yaani maombi ya kazi.

Msidhani hukumu ilishuka kama radi ya Wanale.
Hakimu alisema hana mamlaka ya kuifasiri Katiba,
swali liende Kampala, faini isimame.
Nikalifunga jalada kwa uzi, nikapiga muhuri;
na muhuri nao una korongo, swala, Mungu, *na*, nchi.
Nilipiga mara mbili. Wino ulikuwa mkavu.

Miezi kumi na minne. Kampala haijajibu.

Jumapili iliyopita nilitoka ibada ya kwanza,
tai shingoni, njaa tumboni,
mahubiri yakiwa bado yananiwasha masikioni
(askofu alilisema soko, bila kulitaja).
Nikapita nyuma ya stendi.
Zipora alikuwa ametandika gunia lake.
"Karani," akasema, "umekuja kunishtaki au kununua?"
Nikatazama huku na huku, nakiri.
Kisha nikatoa elfu tano.
Akanipa kichane,
na nyanya mbili.